Safari Fupi ya Meli kwa Wawili hadi Bandari za Meksiko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenzi wanaotaka kutoroka kazi na watoto kwa siku chache, wapande meli ya kitalii Marekani, waguse pwani ya Meksiko na kurudi. Maswali ni yale yale ambayo Waswahili wanaoishi Marekani na Kanada, pamoja na wageni wao kutoka nyumbani, huulizana kila msimu. Kama hali yako ya uhamiaji haijatulia, anza na sehemu ya hati kabla ya kulipa hata senti moja.

## Mambo ya kwanza

Safari fupi ni ya siku ngapi, na meli zinaondokea wapi?

Kwa kawaida ni usiku 3 hadi 5. Upande wa Pasifiki, meli huondokea Long Beach na San Pedro, zote mbili eneo la Los Angeles, na baadhi San Diego. Upande wa Ghuba ya Meksiko na Karibi huondokea Galveston (saa moja hivi kwa gari kutoka Houston), New Orleans, Mobile, Tampa na Miami.

Hesabuni vizuri. Safari ya usiku 4 ina siku 3 kamili tu. Siku ya kwanza mnapanda mchana, na siku ya mwisho mnashushwa asubuhi mkiwa hamjamaliza hata kahawa. Katika siku hizo 3, moja huwa ya baharini bila kutia nanga popote. Ndiyo maana nasisitiza kwenye ukurasa huu wote: kila bandari, chagueni jambo moja. Wanaojaribu mambo manne hurudi melini wamechoka na wamenuniana.

Mbona karibu kila meli fupi ya California hupitia Ensenada?

Ni sababu ya sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera ya nchi nyingine kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda na kwingineko, kwa hiyo safari inayoanza na kuishia California lazima iguse bandari ya nchi nyingine. Ensenada ndiyo iliyo karibu zaidi, kilomita mia moja na kidogo kusini mwa mpaka, na meli huifikia kwa usiku mmoja tu.

Sheria hiyo ndiyo inayowagusa pia wanaotaka kushuka katikati ya safari. Msidhani mnaweza kushukia Catalina, kisiwa cha California, mkaamua kurudi nyumbani kivyenu. Kampuni inaweza kuwakatalia, au kuwatoza faini inayotokana na sheria hiyo.

Tuchague Pasifiki au Karibi?

Inategemea kama mnataka kuingia majini. Aliyezoea Bahari ya Hindi, iwe Nungwi, Diani au Msasani, akitumbukiza mguu Ensenada atautoa haraka. Mkondo wa California huleta maji baridi kutoka kaskazini, na hata kiangazi hayafikii joto la kwetu. Ensenada ni mji wa kutembea, kula samaki na kutazama bahari. Cabo San Lucas, kusini kabisa mwa rasi ya Baja, kuna joto zaidi, ila kutoka Los Angeles mnahitaji walau usiku 5.

Cozumel, kisiwa cha Meksiko upande wa Karibi, ni habari nyingine kabisa. Maji yake ni ya uvuguvugu mwaka mzima, maangavu, na miamba ya matumbawe yake ni sehemu ya mfumo mkubwa wa miamba unaoshuka hadi Belize, Guatemala na Honduras. Kitu kimoja kitawashangaza waliokulia pwani yetu: maji kupwa na kujaa karibu hayaonekani. Zanzibar bahari ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4, na wakati wa maji kupwa unaweza kutembea mbali kabla ya kufika pa kuogelea. Cozumel tofauti haifiki hata nusu mita, kwa hiyo hakuna haja ya kuulizia majira ya maji.

Kwa wenzi wanaotaka ufukwe wa kweli, ningechagua Galveston au Florida hadi Cozumel. Kwa wanaoishi California na wanaotaka kupumzika melini zaidi kuliko nchi kavu, Ensenada inatosha na ni nafuu.

Msimu upi ni mzuri?

Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Pasifiki ya Mashariki huanza mapema zaidi, 15 Mei, na kuisha siku hiyo hiyo. Meli hazisafiri kuingia kwenye kimbunga. Hukikwepa, na maana yake mnaweza kulipia Cozumel mkajikuta bandari nyingine, au baharini siku nzima. Mkataba wa tiketi unampa nahodha haki hiyo. Mtakachorudishiwa kwa kawaida ni ada za bandari iliyorukwa na ziara mlizonunua kupitia meli, basi.

Upande wa Karibi kuna pia mwani wa sargasamu. Tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi, hasa kuanzia machipuko hadi kiangazi, ukilala ufukweni na kutoa harufu mbaya unapooza. Bandari ya Costa Maya huupata sana kwa kuwa inatazama bahari kuu. Cozumel hunusurika zaidi kwa sababu meli na fukwe nyingi za wageni ziko upande wa magharibi wa kisiwa, uliokingwa.

Mkipenda nyangumi, nendeni Cabo kati ya Desemba na Aprili. Nyangumi wa nundu huonekana hata kutoka sitahani.

## Hati na mipaka

Tuna uraia wa Marekani. Lazima tuwe na pasipoti?

Kisheria, kwa safari inayoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani, raia anaweza kusafiri na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Hata hivyo bebeni pasipoti. Mkiachwa na meli au mmoja akilazwa hospitali Meksiko, mtarudi kwa ndege, na ndege ya kimataifa haipandwi kwa cheti cha kuzaliwa.

Nina kadi ya kijani na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo. Nahitaji viza ya Meksiko?

Hapana. Meksiko haidai viza kwa mkaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Japani, Uingereza au nchi za Schengen, wala kwa mwenye viza halali ya Marekani, bila kujali uraia wake, kwa matembezi yasiyozidi siku 180. Bebeni kadi yenyewe, si nakala, pamoja na pasipoti ambayo haijaisha muda.

Naja kutoka Dar au Nairobi kumtembelea mwenzangu. Nitaweza kupanda?

Mkishatoka kwenye maji ya Marekani mmeondoka nchini, hata kama meli ni ile ile na sanduku limebaki chumbani. Kurudi ni kuingia upya. Kwa hiyo viza yako ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na iwe hai siku ya kurudi. Ipo kanuni inayowaruhusu baadhi ya watu kurudi kutoka Meksiko ndani ya siku 30 hata kama viza imekwisha, lakini anayekukagua kwanza ni karani wa kampuni ya meli gatini, na akikataa hakuna rufaa siku hiyo. Pata jibu la kampuni kwa maandishi.

Zingatia pia kwamba mwaka 2025 Marekani iliweka vikwazo vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imekuwa ikibadilika. Aliye ndani tayari asitoke kwa ajili ya siku nne za starehe bila kuzungumza na wakili wa uhamiaji.

Mimi ni mkimbizi, au kesi yangu ya hifadhi bado inasikilizwa. Itakuwaje?

Swali hili huulizwa sana na ndugu zetu wa Kongo na Burundi, na jibu lake ni zito kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mkimbizi ambaye hajapata kadi ya kijani anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131, kabla ya kutoka nje ya nchi. Kisha ahakikishe na ubalozi mdogo wa Meksiko kwamba hati hiyo inapokewa. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi akitoka bila kibali cha awali cha kurudi huhesabiwa ameliacha ombi lake.

Ushauri wangu kwa hali hizo mbili: subirini. Bahari haihami. Wakati huo mnaweza kwenda kisiwa cha Catalina kwa boti ya abiria kutoka Long Beach au San Pedro, mwendo wa saa moja hivi. Ni ndani ya Marekani, kuna mji mdogo wa Avalon wenye ghuba nzuri, na mnaweza kulala usiku mbili mkala samaki bila kuvuka mpaka wowote.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1?

Hakikisha I-20 ina saini ya ruhusa ya kusafiri ambayo haijapitwa na wakati, na viza yenyewe iwe hai (tazama jibu la wanaotoka Dar au Nairobi).

Tunaishi Kanada na ukaazi wa kudumu. Tunatumia huo?

Meksiko ndiyo, Marekani hapana. Kama pasipoti yako ni ya Afrika Mashariki, unahitaji viza ya Marekani ili kufika gatini na kupanda meli. Wengi hulijua hili wakiwa wameshalipa.

## Fedha

Bei iliyotangazwa ndiyo tutakayolipa?

Mara chache sana. Kwanza, bei ni ya kila mtu, ikichukuliwa kwamba chumbani mko wawili. Pili, angalieni kama kodi na ada za bandari zimo. Tatu, kuna bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi za Marekani hutoza kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Wawili kwa usiku 4 ni dola 128 hadi 160 juu ya bei. Nne, kufika bandarini na kuegesha gari. Kwa safari fupi, maegesho ya Galveston au Long Beach yanaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama nzima, kwa hiyo ulizeni kabla.

Kuanzia Julai 2025 Meksiko pia hutoza kila abiria wa meli za kitalii ada iliyoanza na dola 5, na mpango ni kuipandisha hatua kwa hatua hadi dola 21 mwaka 2028. Kampuni huiingiza kwenye ada za bandari, hamtalipa mkononi.

Tununue kifurushi cha vinywaji?

Kwa kampuni nyingi, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, mtu mzima mwenzake wa chumba hicho lazima anunue pia. Kama mmoja wenu hanywi, hesabu hiyo inakufa hapo hapo. Anayekunywa alipie kwa glasi. Maji, chai, kahawa ya kawaida na sharubati ya limau hupatikana bure kwenye bufee. Soda kwa kawaida hulipiwa.

Tubebe pesa taslimu?

Melini hakuna pesa taslimu isipokuwa kwenye kasino. Kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba. Mkiwa nchi kavu, bebeni noti ndogo za dola. Bandari zote hizi hupokea dola, lakini mwenye duka ndiye anayepanga kiwango, na chenji mtapewa kwa peso. Kwa teksi na vibanda vya chakula, peso huwa na nafuu. Mkitoa pesa kwenye mashine ya ATM, chagueni kutozwa kwa peso. Mashine ikijitolea kuwabadilishia kwa dola, kataeni.

## Maisha melini

Chumba kipi kinawafaa wawili?

Cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi zaidi, na kina giza ambalo wengine hulipenda kwa usingizi. Kwa usiku 3 sioni ubaya wake, mradi mnajua kwamba asubuhi hamtajua kumekucha. Chenye kibaraza hugharimu zaidi, na kwa wenzi nadhani kinastahili kuanzia usiku 4: siku ya baharini, wakati sitaha ya juu imejaa muziki na watoto, ninyi mna viti viwili na upepo wenu.

Wakati wa kulipia, wekeni wazi kama mnataka kitanda kimoja kikubwa. Vyumba vingi vina vitanda viwili vinavyounganishwa, na msiposema mnaweza kukuta vimetenganishwa. Mhudumu wa chumba atavirekebisha, lakini siku ya kwanza ana vyumba vingi.

Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, huyumba kidogo kuliko vya mbele na juu. Epukeni pia kilicho chini ya ukumbi wa muziki au bufee. Huko viti huburutwa usiku.

Tutalazimishwa kula na watu tusiowajua?

Hapana. Ombeni meza ya wawili mapema, hasa mkichagua saa maalumu ya chakula cha jioni. Lakini meza ya watu wengi nayo ina raha yake kwa usiku mmoja, mkipenda mazungumzo.

Sisi ni Waislamu. Chakula na sala vipi?

Msitegemee nyama ya jikoni iwe ya halali kwa kawaida. Baadhi ya kampuni huleta chakula cha halali kilichofungashwa mkiagiza wiki kadhaa kabla. Ulizeni kwa maandishi na mbebe jibu hilo. Vinginevyo samaki, mayai na mboga hupatikana kila mlo. Jioni mwambieni msimamizi wa chumba cha kulia mara moja, naye ataweka alama kwa safari nzima.

Nchi kavu kuna mitego miwili. Taco za *al pastor*, *carnitas* na *chorizo* ni nguruwe. Pia maharage yaliyopondwa na baadhi ya mikate ya ngano hukaangwa kwa *manteca*, mafuta ya nguruwe. Semeni “sin cerdo, sin manteca” na mtaeleweka. Taco za samaki za Ensenada huwa salama zaidi, lakini ulizeni mafuta.

Kibla huwachanganya wengi. Kwa kuwa dunia ni duara, njia fupi kwenda Makka hupitia kaskazini. Ukiwa nje ya pwani ya California unaelekea kaskazini ukiegemea mashariki. Ukiwa Cozumel ni kaskazini-mashariki. Meli hugeuka, basi angalieni ramani ya mwelekeo kwenye televisheni ya chumba kabla ya kila sala. Vyumba ni vidogo lakini mswala mmoja hutandikika kati ya kitanda na kochi.

Nitachafukwa na bahari?

Pengine kidogo. Ghuba ya Meksiko huwa tulivu isipokuwa pepo za kaskazini za majira ya baridi zinapovuma. Upande wa Baja, kurudi kaskazini ndiko kunakosumbua, kwa sababu meli hukabiliana na mawimbi. Dawa ya meklizini huhitaji kumezwa kabla ya kuanza kuumwa. Kwa wasiopenda dawa: tangawizi, tufaha la kijani, biskuti kavu, na kutazama upeo wa bahari. Kujifungia chumbani bila dirisha huzidisha.

Simu na intaneti?

Wekeni simu kwenye hali ya ndege kabla meli haijaondoka, na ibaki hivyo baharini. Mtandao wa simu wa melini ni ghali mno. Mnaweza kununua intaneti ya meli kwa mmoja wenu. Mkiwa Meksiko, mipango mingi ya simu ya Marekani hufanya kazi bila nyongeza, kwa hiyo pigeni simu kwa mama aliyebaki na watoto mkiwa bandarini.

Kuugua tumbo ni kweli au maneno tu?

Ni kweli. Virusi vya noro huenea haraka kwenye meli, na jeli ya kusafisha mikono haiviui vizuri. Sabuni na maji, kila mara kabla ya kula. Bima nyingi za afya za Marekani hazilipii matibabu ya melini, kwa hiyo nunueni bima ya safari yenye kulipia kuhamishwa mgonjwa. Hili ndilo jambo moja la gharama ambalo singelipunguza.

## Siku ya bandarini

Tufanye nini Ensenada?

Kama mna nguvu za jambo moja, nendeni La Bufadora, kwenye rasi ya Punta Banda, umbali wa kilomita thelathini na kitu kutoka mjini. Wimbi huingia kwenye pango chini ya jabali, hewa hubanwa ndani, kisha maji hufyatuka juu kwa mngurumo. Kabla ya mlipuko husikika pumzi nzito ikivutwa chini ya miguu yenu; wazoefu wakiisikia hurudi nyuma hatua mbili, na wageni ndio huloa. Njia ya kufikia jabali imejaa vibanda vya churro, shanga na mablanketi, na wauzaji huita kwa bidii. Tabasamu na “no, gracias” inatosha.

Wasiotaka gari wabaki mjini. Soko la samaki, linaloitwa Mercado Negro, liko karibu na ukingo wa bahari, na vibanda jirani hukaanga samaki wa taco mbele yenu: kipande kwenye unga mwepesi, kabichi mbichi, mchuzi mweupe na ndimu. Wapenzi wa mvinyo huenda bonde la Valle de Guadalupe, lakini siku moja ya meli ni fupi kwa huko.

Na Cabo San Lucas?

Meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Foleni yake hula muda, na bahari ikichafuka bandari hurukwa. Chukueni mashua ya kienyeji hadi El Arco, tao la mawe pale rasi inapoishia. Karibu yake kuna ufukwe wa Playa del Amor, yaani Ufukwe wa Mapenzi, upande uliotulia. Ukivuka mchanga mnafika Playa del Divorcio, Ufukwe wa Talaka, unaotazama Pasifiki. Msiogelee hapo hata bahari ikionekana shwari. Mawimbi yake huvuta kwa nguvu na yameshaua. Kuogelea, nendeni Playa El Médano.

Cozumel twende wapi?

Kuna gati tatu, na moja, Punta Langosta, iko katikati ya mji wa San Miguel. Mbili nyingine ziko kusini kidogo, teksi ya dakika chache. Bei za teksi zimepangwa. Ulizeni kabla ya kufunga mlango.

Kwa wawili, napendekeza mashua ndogo ya kwenda miamba ya Palancar na El Cielo, mahali penye maji ya kina kifupi na mchanga mweupe uliotapakaa viti vya pweza (samaki nyota) wakubwa. Msiwainue, wakitolewa majini kwa ajili ya picha hufa. Vaeni fulana ya kuogelea badala ya kujipaka mafuta ya jua, maana eneo hilo ni hifadhi ya taifa na kemikali huumiza matumbawe.

Wasioogelea waende San Gervasio, magofu ya Wamaya katikati ya kisiwa. Hapo palikuwa mahali pa kumwomba Ixchel, mungu wa kike wa uzazi, na wanawake walivuka bahari kwa mitumbwi kufika. Majengo ni madogo, wageni ni wachache, na mijusi wakubwa huota jua juu ya mawe.

Progreso na Costa Maya je?

Bahari ya Progreso ni kina kifupi sana, ndiyo maana gati lake limeingia baharini kama kilomita 6 na nusu. Basi la bure huwafikisha mjini. Mji wenyewe ni wa kawaida. Uzuri uko bara: Mérida nusu saa hadi dakika arobaini, au kisima asilia cha kuogelea kinachoitwa *cenote*. Chichén Itzá ni mwendo wa saa mbili hivi kila upande, na kwa siku ya meli naona ni kujitesa. Jirani kabisa kuna kijiji cha Chicxulub, kilichotoa jina la kreta ya kimondo kilichoangamiza dinosauri miaka milioni 66 iliyopita. Juu ya ardhi hakuna shimo la kuona, lakini kusimama hapo kuna uzito wake.

Costa Maya ni bandari iliyojengwa kwa ajili ya meli. Tokeni nje mwende kijiji cha Mahahual kama mwani haujajaa.

Tununue ziara ya meli au tujipangie?

Ziara ya meli ikichelewa, meli husubiri. Mkijipangia mkachelewa, haisubiri. Kwa mahali pa mbali nunueni ya meli. Kwa mahali pa nusu saa jipangieni, ni nafuu na mko huru.

Tufuate saa ipi?

Saa ya meli, siku zote. Jimbo la Quintana Roo, lenye Cozumel na Costa Maya, halibadilishi saa mwaka mzima. Meli ya Galveston wakati wa baridi inaweza kuwa nyuma ya Cozumel kwa saa moja; meli ya Miami wakati wa kiangazi huwa mbele kwa saa moja, na hapo ndipo watu huachwa. Vaeni saa ya mkononi, kwa kuwa simu hujibadilisha yenyewe.

## Hali za pekee

Meli ikituacha?

Nendeni kwa wakala wa bandari. Jina na namba yake huandikwa kwenye ratiba ya kila siku, ipigeni picha kabla ya kushuka. Mara nyingi wahudumu hutoa pasipoti kwenye sefu ya chumba na kumwachia wakala. Nauli ya kuifuata meli au kurudi ni juu yenu.

Tumefunga ndoa juzi na jina la bibi harusi limebadilika.

Tiketi ifuate jina lililo kwenye pasipoti, hata kama ni la zamani. Bebeni cheti cha ndoa.

Mmoja wetu hajafikisha miaka 21.

Kampuni za Marekani kwa kawaida hudai awepo mtu mzima chumbani, lakini nyingi huwasamehe wanandoa wakionyesha cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila au ya msikitini bila cheti cha serikali inaweza kukataliwa. Pombe ni 21 hata hivyo.

Nina mimba.

Kampuni kubwa hazikubali abiria atakayefikisha wiki ya 24 siku yoyote ya safari. Barua ya daktari inayoonyesha umri wa mimba ni lazima.

Vitu gani vitatuletea shida?

Msipeleke Meksiko sigara za kielektroniki. Kuziingiza kumepigwa marufuku. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini pia haziruhusiwi. Msinunue vidonge kwenye maduka ya dawa ya watalii. Marekani imewahi kutoa tahadhari kwamba baadhi vimechanganywa na fentanili.

Mkirudi, kila mtu mzima ana lita moja ya pombe bila ushuru. Matunda na nyama mbichi vitachukuliwa forodhani, hata ndizi mliyoichukua bufee asubuhi. Vanila ya bei rahisi mno huweza kuwa na kumarini, kitu kilichopigwa marufuku kwenye chakula Marekani tangu 1954 na chenye hatari kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Nunueni tu yenye orodha kamili ya viungo kwenye chupa.